Namna ya Kuchagua Kifurushi cha Bei Nafuu cha Kuhosti Tovuti Yako ya Kwanza

Kila anayetaka kufungua tovuti kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Nichukue kampuni ipi? Nilipie mwezi mmoja au mwaka mzima? Gigabaiti ngapi zinanitosha? Kwa nini kampuni hii inatoza nusu ya bei ya ile, ilhali orodha za huduma zao zinafanana karibu neno kwa neno? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayeuliza hayo. Hautakutajia kampuni moja ya kukimbilia, kwa sababu bei na ubora hubadilika, na jibu lililo sahihi leo linaweza kukupotosha mwakani. Utakuonyesha namna ya kuzipima kampuni wewe mwenyewe, ukianzia na mahitaji yako na kuishia na tovuti iliyo hewani.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kifurushi nafuu ni kile ambacho jumla ya malipo yake kwa miaka mitatu ni ndogo, na ambacho unaweza kukihama bila kupoteza chochote. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo haikuelezi lolote kati ya hayo mawili.

Kabla hatujaendelea, tenganisha mambo mawili ambayo wanaoanza huyachanganya. Domeni ni jina ambalo watu wataliandika kwenye kivinjari ili wakufikie, na upangishaji, yaani kuhosti, ni nafasi unayolipia kwenye seva, kompyuta isiyozimwa, ili faili zako zikae humo na zipatikane saa zote. Hizi ni huduma mbili zinazojitegemea, hata pale zinapouzwa kwa pamoja katika ankara moja.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Andaa vitu hivi kwanza, kwa sababu kuvitafuta katikati ya kazi ndiko kunakowafanya wengi wabonyeze kitufe cha kulipa kabla hawajajua wanachonunua:

- Sentensi moja au mbili zinazoeleza tovuti yako ni ya nini na itatembelewa na watu wa wapi hasa.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku na ambayo haitegemei domeni unayotaka kuisajili.
- Njia ya malipo inayokubalika mtandaoni, iliyo kwa jina lako.
- Majina matatu au manne ya domeni unayoyapenda, endapo la kwanza limeshachukuliwa.
- Karatasi au jedwali la kompyuta la kuandikia bei za kampuni tatu utakazozilinganisha. Tatu zinatosha, ukizidisha hapo utachoka na kuchagua kwa kubahatisha.
- Kiasi cha juu kabisa unachoweza kulipa kwa mwaka, si kwa mwaka wa kwanza pekee bali kila mwaka.

HATUA YA 1: Amua kama unahitaji kulipia upangishaji

Tovuti tuli ni ile ambayo kurasa zake ni zile zile kwa kila mgeni: wasifu wako, kazi zako za mikono, taarifa za kikundi au ratiba ya shughuli. Tovuti ya namna hiyo haihitaji hifadhidata, yaani mfumo wa kutunza taarifa zinazobadilika, na inaweza kuwekwa bila malipo kwenye huduma kama GitHub Pages, Cloudflare Pages au Netlify, huku ukitumia domeni yako mwenyewe. Huduma hizi zina mipaka yake. GitHub Pages, kwa mfano, inaruhusu tovuti isiyozidi gigabaiti 1 na usafirishaji wa takriban gigabaiti 100 kwa mwezi, wala haikusudiwi kuendesha duka la mtandaoni. Unahitaji pia kuwa tayari kujifunza kuandaa faili za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na kuzipakia wewe mwenyewe.

Ikiwa unataka kutumia WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, au kuuza bidhaa, kusajili wanachama au kupokea maoni yanayohifadhiwa, basi unahitaji seva yenye PHP, lugha inayoendesha programu za namna hiyo, na hifadhidata. Hapo utalipia, na hatua zinazofuata zinakuhusu.

Tahadhari: Usichanganye huduma hizo na vifurushi vya bure vya kampuni zinazoweka matangazo yao kwenye kurasa zako, zinazokulazimisha kutumia jina lao kama sehemu ya anwani yako, au zisizokupa njia ya kupakua faili zako. Siku utakapotaka kuondoka, utaanza upya.

HATUA YA 2: Kadiria ukubwa wa tovuti kwa tarakimu

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa kuwa wananunua nafasi ambayo hawataitumia hata kwa miaka kumi. Chukua mfano wa tovuti ya WordPress yenye makala 50, kila moja ikiwa na picha 4. Programu yenyewe ikiwa mpya hutumia chini ya megabaiti 100. Picha ni 200, na kila picha iliyopunguzwa vizuri ina uzito wa kilobaiti 200 hivi, kwa hiyo zote kwa pamoja ni megabaiti 40. WordPress hutengeneza nakala kadhaa za kila picha kwa vipimo tofauti, kwa hiyo zidisha mara tatu, upate megabaiti 120. Ukiongeza mwonekano wa tovuti, programu-jalizi chache, yaani programu ndogo za kuongeza uwezo wa tovuti, na hifadhidata, bado hujafika gigabaiti 1. Kifurushi cha gigabaiti 5 kitakutosha, pamoja na barua pepe zako.

Sasa angalia kinachotokea ukipakia picha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na megabaiti 4. Picha zile zile 200 zitachukua megabaiti 800 kabla ya nakala zozote kutengenezwa, na ukurasa wenye picha 4 utamlazimisha msomaji apakue hadi megabaiti 16 kwa bando lake. Kupunguza picha kabla ya kuzipakia kunakuokolea fedha kuliko punguzo lolote la bei utakaloliona kwenye tangazo.

Kiasi cha data kitakachosafirishwa kwa mwezi kinapatikana kwa kuzidisha uzito wa ukurasa kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa. Ukurasa wa megabaiti 2 ukifunguliwa mara 300 kwa siku, kwa siku 30, ni megabaiti 18,000, yaani gigabaiti 18. Tovuti mpya haitafika hapo kwa miezi mingi. Video usiziweke kwenye seva yako kabisa. Ziweke YouTube au Vimeo, kisha zionyeshe ndani ya ukurasa wako.

HATUA YA 3: Chagua aina ya seva

Kwa anayeanza, jibu karibu kila mara ni seva ya pamoja, ambayo kampuni huigawa kwa wateja wengi. Ni kama nyumba yenye wapangaji wengi wanaotegemea tangi moja la maji: bei ni ndogo kwa kuwa gharama inagawanywa, lakini mmoja akifungulia mabomba yote, wengine huona maji yakipungua. Kampuni makini huzuia hali hiyo kwa kumwekea kila mteja kikomo cha kichakataji, cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya seva, na cha idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Vikomo hivyo havionekani kwenye tangazo. Vimo kwenye ukurasa wa masharti au kwenye jedwali la kina la vifurushi. Vitafute na uviandike. Kwa maoni yangu, kifurushi kinachompa mteja RAM isiyofika megabaiti 512 ni finyu kwa WordPress, hata kama kinaahidi nafasi isiyo na mwisho.

Utaona pia seva pepe, inayojulikana kwa kifupi cha VPS, yaani sehemu ya seva uliyotengewa ambayo unaisimamia kama seva yako mwenyewe, na ambayo wakati mwingine huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya seva ya pamoja. Usivutwe na bei hiyo kama hujawahi kusimamia mfumo wa Linux. Seva pepe isiyo na usimamizi inakuachia wewe jukumu la kusakinisha masasisho ya usalama, kuweka ukuta wa moto, kuandaa cheti cha SSL kinacholinda mawasiliano kati ya tovuti na wasomaji, na kufufua mfumo unapoanguka usiku. Seva nzima ya peke yako haikuhusu kwa sasa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni mahali seva ilipo. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za mkongo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 kutoka kwa msomaji inahitaji angalau milisekunde 100 kwa safari ya kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja unahitaji safari kadhaa za namna hiyo. Chagua kituo cha data kilicho karibu na wasomaji wako, wala si karibu nawe. Kama wasomaji wametawanyika, huduma ya kusambaza nakala za faili kwenye seva za maeneo mengi, kama ile ya Cloudflare ambayo ina kiwango cha bure, itapunguza tatizo.

HATUA YA 4: Sajili domeni kwa jina lako mwenyewe

Kampuni nyingi zitakupa domeni ya bure kwa mwaka wa kwanza. Unaweza kuikubali, lakini kwanza uliza bei ya kuihuisha mwaka wa pili na uhakikishe kwamba utakuwa na uwezo wa kuihamishia kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili domeni. Ninashauri domeni isajiliwe kwa kampuni moja na upangishaji ununuliwe kwa nyingine, hasa kwa anayeanza ambaye bado hajaijua kampuni anayoingia nayo mkataba. Ukigombana na mpangishaji wako, domeni ikiwa mahali pengine utaielekeza kwenye seva mpya kwa mabadiliko machache tu. Ikiwa kwake, huenda ukalazimika kumaliza mgogoro kwanza.

Mambo manne ya kuzingatia wakati wa kusajili:

1. Jina la mmiliki liwe lako au la taasisi yako, si la fundi anayekutengenezea tovuti. Fundi mwema hatachukia ukimwomba hivyo.
2. Ukishasajili domeni ya kimataifa kama zile zinazoishia na .com au .org, fungua barua pepe ya uthibitisho na ubonyeze kiungo kilichomo. Taratibu za ICANN, taasisi inayoratibu majina ya mtandao tangu 1998, zinampa msajili siku 15 za kupata uthibitisho huo, na usipothibitisha anaweza kuisimamisha domeni yako.
3. Fahamu kwamba domeni mpya ya namna hiyo kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine kabla ya siku 60 kupita.
4. Washa uhuishaji wa kiotomatiki. Domeni ya .com iliyoisha muda wake na kufutwa na msajili huingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo unaweza kuirudisha kwa ada kubwa kuliko ya kawaida; baada ya hapo zimebaki siku 5 kabla haijafunguliwa kwa yeyote anayeitaka.

HATUA YA 5: Soma masharti nyuma ya neno «bila kikomo»

Hakuna diski isiyo na mwisho. Kifurushi kinachojiita cha bila kikomo huwa na kikomo kilichoandikwa kwingine, na mara nyingi ni kile cha inodi, yaani jumla ya faili na folda unazoruhusiwa kuwa nazo. WordPress ikiwa mpya tayari ina maelfu ya faili. Kila programu-jalizi huongeza nyingine, kila picha huzaa nakala zake, na kwenye seva nyingi kila barua pepe iliyohifadhiwa huhesabiwa kama faili moja. Kwa hiyo unaweza kuzuiwa kupakia chochote ilhali diski yako haijafika hata robo. Tafuta ukurasa unaoitwa masharti ya huduma au sera ya matumizi ya haki, na usome sehemu ya faili kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Katika kampuni zote tatu unazolinganisha, hakikisha kifurushi kidogo kabisa kina haya: cheti cha SSL kisicho na malipo, kinachohuishwa chenyewe; toleo la PHP ambalo bado linapata masasisho ya usalama, kwa kuwa PHP 7.4 iliacha kuyapata Novemba 2022 na 8.0 Novemba 2023; paneli ya usimamizi, yaani ukurasa wa kuendeshea akaunti yako, iliyo maarufu, mfano cPanel, Plesk au DirectAdmin; na uwezo wa kupakua nakala kamili ya tovuti wewe mwenyewe. Kuhusu cheti, usikubali kukilipia kwa tovuti ya kawaida. Let's Encrypt, taasisi isiyo ya faida, imekuwa ikitoa vyeti bila malipo tangu 2015, na kampuni inayokinyima kifurushi chake kidogo inafanya hivyo ili ukinunue. Huwezi pia kukikwepa, kwa sababu kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiziandika tovuti zisizo na cheti kuwa si salama tangu Julai 2018.

Ahadi ya muda wa kuwa hewani nayo ipigie hesabu. Asilimia 99.9 inaruhusu tovuti yako izimike kwa dakika 43 hivi katika mwezi wa siku 30. Asilimia 99, ambayo kwa kuitazama inaonekana kukaribiana na hiyo, inaruhusu saa 7 na dakika 12.

HATUA YA 6: Piga hesabu ya miaka mitatu

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Bei inayotangazwa ni ya mkataba wa kwanza pekee, na mara nyingi inapatikana tu ukilipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo. Bei ya kuhuisha, ambayo ndiyo utakayoishi nayo, huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali au hujitokeza kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo.

Chukua mfano wa kampuni mbili, kwa sarafu yoyote. Ya kwanza inatoza 30 kwa mwaka wa kwanza, kisha 110 kwa kila mwaka unaofuata. Ya pili inatoza 70 kila mwaka. Mwaka wa kwanza, ya kwanza inaonekana rahisi kupita kiasi. Kwa miaka mitatu, utailipa ya kwanza 30 na 110 na 110, jumla 250, na ya pili utailipa 210. Ikiwa ya kwanza inatoza pia 20 kwa mwaka kwa ajili ya nakala rudufu ambazo ya pili inazitoa bila malipo, jumla yake inakuwa 310. Iliyoonekana kuwa ghali imekuwa nafuu kwa karibu theluthi moja.

Kwenye karatasi yako, andika kwa kila kampuni bei ya mkataba wa kwanza, bei ya kuhuisha, domeni kwa miaka mitatu, nakala rudufu, barua pepe kama zinalipiwa pembeni, na kodi, ambayo baadhi ya kampuni huiongeza dakika ya mwisho. Jumlisha. Kampuni isiyoonyesha bei ya kuhuisha mahali popote, au ambayo wafanyakazi wake wanakwepa kukutajia unapoiuliza, iondoe kwenye orodha.

Kuhusu muda wa kulipia, mwaka mmoja unamfaa anayeanza. Malipo ya mwezi kwa mwezi huwa ghali, na malipo ya miaka mitatu yanakufunga na kampuni ambayo hujaijaribu. Isipokuwa umeshaitumia kampuni hiyo na kuridhika, usiizawadie miaka mitatu kabla haijakuhudumia hata siku moja.

HATUA YA 7: Pima huduma kwa wateja kabla hujawa mteja

Waandikie kampuni zote tatu swali moja, kwa maneno yale yale, ikiwezekana nje ya saa za kazi. Swali liwe mahususi, lisiloweza kujibiwa kwa kunakili tangazo. Kwa mfano: «Habari. Ninakusudia kununua kifurushi chenu kidogo kwa ajili ya WordPress. Naomba kujua kikomo cha idadi ya faili ni kipi, na endapo nitataka kuhama baada ya mwaka mmoja, nitapakuaje nakala kamili ya tovuti pamoja na hifadhidata yangu?»

Angalia walichukua muda gani, lakini zaidi angalia kama walijibu sehemu zote mbili. Jibu lililokuja kwa dakika mbili likisema «kifurushi chetu ni bora na cha haraka, karibu sana» ni dalili mbaya kuliko jibu kamili lililokuja baada ya saa tatu. Ukishapata matatizo ya kweli, utajibiwa na watu hao hao.

HATUA YA 8: Lipa ukiwa umetazama kila kisanduku

Ukurasa wa malipo umepangwa kwa ujanja kuliko unavyodhani. Muda wa mkataba huwa tayari umewekwa kwenye miaka mirefu. Ubadilishe uwe mwaka mmoja na uone bei ikibadilika. Chini yake kuna visanduku vya huduma za ziada, na baadhi utavikuta vimeshawekewa alama ya tiki: ulinzi dhidi ya virusi, kusajiliwa kwenye injini za utafutaji, cheti cha kulipia, kuficha taarifa za mmiliki wa domeni. Ondoa alama zote, kisha rudisha tu kile unachoweza kueleza kwa nini unakihitaji. Google huiandikisha tovuti yako bila malipo kupitia Search Console, na wasajili wengi huficha taarifa za mmiliki bila kutoza kitu.

Baada ya kulipa, hifadhi ankara, piga picha ya skrini inayoonyesha bei ya kuhuisha, weka nywila ndefu isiyotumika mahali pengine, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya upangishaji na ya domeni.

HATUA YA 9: Jaribu ndani ya muda wa kurejeshewa fedha

Kampuni nyingi hutoa siku 30 za kurejeshewa fedha, ingawa ada ya domeni kwa kawaida hairudishwi. Zitumie siku hizo kwa makusudi. Sakinisha WordPress katika wiki ya kwanza, weka kurasa chache zenye picha halisi, na uzipime kwa PageSpeed Insights asubuhi, mchana na usiku. Sajili anwani yako kwenye huduma ya kufuatilia kama UptimeRobot, ambayo kwa kiwango cha bure huikagua tovuti kila baada ya dakika 5 na kukuarifu inapozimika. Tuma barua pepe kutoka anwani mpya kwenda Gmail na kwenye huduma nyingine, uone kama inaingia kwenye kikasha au kwenye taka.

Tahadhari: Kosa la kawaida ni kununua kisha kuiacha akaunti hadi upate nafasi. Mwezi ukipita, haki yako ya kudai fedha imepita nayo. Kama bado hujawa na muda wa kuijenga tovuti, usinunue bado.

HATUA YA 10: Weka nakala rudufu nje ya seva

Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza tovuti zao pamoja na nakala zake, kwa sababu nakala hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika eneo lile lile. Nakala anazotunza mpangishaji ni msaada wa ziada, hazipaswi kuwa tegemeo lako la pekee. Kila mwezi, na kila kabla ya sasisho kubwa, pakua nakala ya faili na ya hifadhidata na uiweke kwenye kompyuta yako au kwenye hifadhi ya kampuni nyingine. Kisha, angalau mara moja, jaribu kuirejesha mahali pa majaribio, ili ujue kama inafunguka.

MATATIZO YA KAWAIDA NA UFUMBUZI WAKE

Tovuti haifunguki baada ya kuelekeza domeni kwenye seva mpya. Hakiki tahajia ya seva za majina ulizoandika, yaani zile zinazoelekeza domeni kwenye seva yako, kisha subiri. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea kote, na inawezekana wewe ukaiona tovuti ya zamani huku mwenzako akiiona mpya. Usibadilishe tena na tena kila saa, maana utaongeza mkanganyiko.

Kivinjari kinasema tovuti si salama ilhali cheti kipo. Kwanza andika anwani ukianza na https. Ikifunguka vizuri, weka uelekezaji wa lazima kutoka http kwenye paneli. Ikiendelea kulalamika, kuna picha au faili ndani ya ukurasa zinazoitwa kwa anwani ya http; zibadilishe.

Kosa la namba 508 au 503 linatokea mara kwa mara. Mara nyingi umegonga kikomo cha rasilimali za kifurushi chako, au seva imeelemewa. Usikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Zima programu-jalizi moja baada ya nyingine, weka programu ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kutayarishwa (cache) ili seva isizitengeneze upya kila mara, na uangalie kwenye paneli kama kuna roboti zinazoishambulia tovuti. Ikiwa matumizi yako ni madogo na kosa linaendelea, seva imejazwa wateja kupita kiasi, na hilo ni suala la kampuni kulitatua.

Ukurasa umekuwa mweupe au unaonyesha kosa la namba 500. Ingia kwenye kidhibiti cha faili, badilisha jina la folda iitwayo plugins, kisha fungua tovuti upya. Ikirudi, mojawapo ya programu-jalizi ndiyo chanzo. Isiporudi, badilisha jina la faili ya .htaccess na ujaribu tena, au rudisha toleo la PHP lililokuwepo kabla ya tatizo hadi utakapopata sasisho.

Barua pepe zako zinaangukia kwenye taka. Weka rekodi za SPF na DKIM kwenye domeni, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Paneli nyingi zina kitufe cha kuzitengeneza. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na angalau mojawapo ya hizo mbili, na watumaji wa barua nyingi wanatakiwa wawe na zote pamoja na DMARC, rekodi inayoeleza barua zisizothibitika zifanyweje. Kama rekodi ziko sawa na bado barua zinakataliwa, yawezekana anwani ya IP ya seva, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, imechafuliwa na mteja mwingine; omba tovuti yako ihamishiwe kwenye anwani nyingine.

Domeni imezimika ghafla wiki mbili baada ya kusajiliwa, na hakuna ulichokigusa. Tafuta kwenye taka barua ya uthibitisho iliyotajwa katika Hatua ya 4. Thibitisha, na domeni itarudi.

Muda wa kuhuisha umekaribia na bei imepanda kuliko ulivyopanga. Anza mwezi mmoja kabla, si siku ya mwisho. Waandikie ukitaja bei ya mshindani, kwa kuwa kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mteja anayetaka kuondoka. Wakikataa, nunua nafasi mpya kwingine, rejesha humo nakala yako na uijaribu kabla ya kugusa domeni. Siku moja kabla ya kuhama, punguza TTL ya rekodi za domeni yako, yaani muda ambao kompyuta nyingine huzikumbuka rekodi hizo kabla ya kuziuliza upya, hadi sekunde 300, kisha elekeza domeni kwenye seva mpya. Iache akaunti ya zamani iendelee kwa angalau siku saba, ukiingia kila siku kwenye sanduku lake la barua pepe kuchukua zilizochelewa, na uifunge tu baada ya kuona kwamba hakuna tena mgeni wala barua inayofika huko.